Wakalash na hadithi ya askari wa Alexander

Umeuliza kama Wakalash wa kule Chitral, kaskazini mwa Pakistan, ni wajukuu wa askari wa Alexander Mkuu, yule mfalme wa kale aliyekuja huko na jeshi la Kigiriki. Hapana ndugu yangu, hiyo stori inapendwa sana, hata wao wenyewe wapo wanaoisimulia, ila vipimo vya DNA vilivyotoka 2015 havikuona damu ya Kigiriki, vilionyesha watu waliojitenga na majirani zao maelfu ya miaka kabla Alexander hajafika. Na lugha yao, Kikalasha, iko tawi moja na Kiurdu na Kihindi, sio tawi la Kigiriki. Macho ya bluu ya baadhi yao sio ushahidi jamani.

Kilichowabakiza na dini yao ya miungu wengi ni mpaka tu. Ndugu zao wa ng'ambo, upande wa Afghanistan, walivamiwa na Amir Abdur Rahman, mtawala wa Afghanistan, mwaka 1895-96 wakasilimishwa, na nchi yao iliyokuwa inaitwa Kafiristan ikabadilishwa jina ikawa Nuristan, lakini Wakalash walikuwa upande wa Chitral chini ya Waingereza, ndo wakapona. Leo wamebaki kama 4,000 hivi kwenye mabonde matatu, Bumburet, Rumbur na Birir.

Mi kinachonigusa zaidi ni Suri Jagek, elimu yao ya kutazama jua linachomoza wapi kwenye mlima ili wajue lini wapande na lini sikukuu ya Chaumos ya Desemba ianze. UNESCO waliiweka 2018 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana wazee wanaoijua wanazidi kupungua.