Nilipoacha kushona kila kitu

Siku shule zilipofunguliwa Januari 2018, mama mmoja wa Kibosho alikaa kwenye benchi la ofisi yangu hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, tangu saa moja asubuhi. Binti yake wa darasa la kwanza alisimama pembeni na viatu vipya, soksi nyeupe na gauni la nyumbani. Sare yake ilikuwa imekatwa tu, haijaguswa na sindano. Nilikuwa nimemwahidi Alhamisi, kisha Jumamosi. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, ungeniambia huwezi, ningekwenda kwingine mapema."

Maneno yale yaliniuma kuliko matusi. Mezani siku hiyo kulikuwa na suti mbili za harusi, vitenge vya kikoba cha akina mama, mapazia ya nyumba ya wageni na sare za shule nne. Wote niliwaambia ndiyo. Mafundi wangu watano walikuwa hodari, wanaingia alfajiri na kutoka usiku. Hakuna aliyekuwa mvivu pale, na bado tulikuwa tunawaangusha watu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kununua cherehani ya sita. Namshukuru Mungu sikuwa na hela. Badala yake nilichukua daftari, na kwa wiki mbili nikaandika kila shati limefika hatua gani na saa ngapi. Ukifanya biashara yoyote ya kutengeneza kitu, iwe mkate, milango au sabuni, nakusihi ufanye hivyo kabla hujatumia shilingi moja. Shati la shule lilikula chini ya saa mbili za kazi ya mikono, lakini lilikaa kwangu siku tisa. Siku zilizobaki lilikuwa linasubiri. Lilisubiri jora la kitambaa liletwe, likasubiri tundu za vifungo, na zaidi ya yote likasubiri overloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke.

Overloki ilikuwa moja kwa mafundi watano. Fundi wa suti akiishika, sare zinalala. Akimaliza, anakuja wa kitenge: anatoa nyuzi zote, anaingiza za rangi nyingine, anarekebisha mkazo, anajaribu kwenye kipande. Nusu saa imekwenda na hakuna nguo iliyotoka. Kwa siku tulibadilisha mara sita au saba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila aina ya nguo niliyoikubali ilikuwa na gharama ambayo sikuwahi kumwandikia mteja, na aliyeilipa alikuwa yule mtoto wa Kibosho.

Baadaye niliporudi darasani jioni kusoma biashara, nilikuta jambo hili lina jina: mkakati wa uendeshaji. Mwaka 1974 profesa Wickham Skinner wa Harvard alieleza kwamba kiwanda kinachojikita kwenye kazi chache kitakishinda kile kinachojaribu kufanya kila kitu. Sababu yake ni kwamba bei ndogo, kasi, ubora na aina nyingi havivutwi kwa kamba moja. Ukivuta kimoja, kingine kinalegea. Lazima uchague utakachokuwa hodari nacho, kisha upange mashine, watu na stoo vifuate chaguo hilo.

Nilijiuliza mzazi anakuja kwangu kununua nini. Bei si yenyewe, maana sare za Kariakoo zinatandazwa barabarani kwa bei nisiyoiweza, na Kiborloni kuna mitumba. Mitindo pia hapana, sare ni sare. Mzazi ananunua tarehe. Anataka shule ikifunguliwa mtoto awe amevaa, na nguo ifike Desemba bila kupasuka. Nikaamua: sare tu, kwa tarehe, na zidumu.

Uamuzi huo ulinigharimu, nisikufiche. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, na Moshi nzima ni harusi, kipaimara na komunyo. Nguo moja ya harusi inalipa kuliko mashati mengi ya shule, na msimu wake unagongana kabisa na wa sare. Kaka yangu aliniambia nafukuza riziki. Mwaka wa kwanza mapato ya Desemba yalishuka kweli, na kuna usiku nililala nikihesabu. Lakini chaguo lisilokunyima kitu sidhani kama ni chaguo.

Kisha nikapanga upya. Hela niliyotaka kununulia cherehani ilipotimia nilinunua overloki ya pili, ya mtumba. Moja ina uzi mweupe mwaka mzima, nyingine bluu. Haziguswi. Kitambaa nanunua Septemba, kabla watu hawajaanza kukigombania. Cherehani mbili za mguu nimezibakiza kwa makusudi ili umeme ukikatika mishono ya kawaida iendelee. Kila sketi na kaptula ina pindo la sentimita tano ndani, mzazi alishushe mtoto akirefuka.

Lililonisaidia kupita yote nililipata kwa Benetton, kampuni ya nguo ya Italia. Miaka ya 1970 walianza kufuma baadhi ya masweta bila rangi na kuyatia rangi mwishoni, walipokwisha kuona wateja wanataka ipi. Nikatazama mashati yangu. Shati jeupe la shule moja na la shule nyingine ni lilelile, tofauti ni nembo kifuani. Sasa kuanzia Oktoba tunashona mashati matupu kwa saizi zote, yanapangwa kwenye rafu, na nembo inakuja mwisho. Zamani nilikuwa nabaki na mashati ya shule moja huku nimepungukiwa ya nyingine.

Jirani yangu mmoja aliposhusha bei kwa shilingi elfu mbili, niliogopa. Wateja wachache walikwenda. Nilijikumbusha habari ya shirika la ndege la Southwest la Marekani, ambalo mwaka 1972 lilibanwa na fedha likauza ndege moja kati ya nne, kisha likaendelea na ratiba ileile kwa kuhakikisha ndege ikitua inageuzwa, yaani abiria wanashuka na wengine wanapanda, kwa kama dakika kumi tu. Washindani waliweza kushusha nauli kwa siku moja. Kujifunza kugeuza ndege namna ile kulitaka wabadili kazi ya kila mtu uwanjani. Faida ya ushindani yangu iko hapo pia. Bei yangu jirani anaweza kuikata leo jioni, ila rafu iliyojaa mashati Novemba anatakiwa aianze Septemba, na azikatae harusi.

Kwa hiyo ukianza, usianze na tangazo wala rangi ya duka. Tafuta mahali kazi inapolala. Fungua mlango huo kwanza, maana ukiongeza nguvu kwingine unaongeza foleni tu. Na mafundi wako waulize. Aliyenionyesha kwamba overloki zitenganishwe kwa rangi ya uzi ni binti mdogo kuliko wote pale, aliyekuja kujifunza kazi.

Daftari la oda nalifunga tarehe 15 Desemba, hata kwa ndugu, na tarehe imeandikwa ukutani. Mwaka jana shangazi alifika tarehe 19 na wajukuu wawili, amekwisha kujiandaa kunibembeleza. Nikamwonyesha rafu. Watoto walijaribu, saizi zikapatikana, na nembo zikashonwa yeye akimalizia chai yake.