Aliyempa dada yangu jina

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni nani ambaye kazi yake iliingia nyumbani kwenu bila ninyi kumjua jina? Kwangu ni Bob McDill, Mmarekani mtunzi wa nyimbo za kantri. Kwetu aliingia kwa lori.

Baba alikuwa dereva wa masafa marefu, Mombasa hadi Malaba, na sisi tulikaa Molo. Alikuwa akipotea wiki mbili, tatu, kisha tunasikia honi barabarani, na jioni hiyo redio kaseti haizimwi: mwimbaji Mmarekani Don Williams mpaka betri zichoke. Wasomaji wa Bonde la Ufa hawahitaji kuelezwa Don Williams ni nani kwetu. Sauti ile nzito, ya upole, ilikuwa hotelini, kwenye matatu na harusini. Dada yangu mdogo alipozaliwa, Baba alisema jina la ukoo litoke kwa nyanya kama ilivyo desturi, lakini la ubatizo liwe Amanda. Mama hakubisha. Alijua limetoka kwenye wimbo gani.

Kaseti zetu zilikuwa za kunakiliwa mjini, na juu ya karatasi hakukuwa na kitu ila jina la mwimbaji kwa mwandiko wa Baba. Nikakua nikiamini maneno yote yalitoka kichwani mwa Don Williams. Nilikuwa mtu mzima nilipokuta santuri halisi kwa baba mdogo Nakuru. Chini ya majina ya nyimbo, kwa herufi ndogo ndani ya mabano, jina moja lilikuwa likijirudia: McDill.

Alizaliwa mwaka 1944 huko Walden, karibu na Beaumont, Texas. Alitumikia jeshi la majini, akatunga nyimbo za pop, akapitia Memphis, kisha mwaka 1970 akahamia Nashville, makao ya muziki wa kantri. Kantri wenyewe haukuwa umemgusa, hadi alipomsikia George Jones akiimba juu ya ndoa iliyovunjika ndipo akaelewa muziki huu unaweza kubeba nini. Don Williams naye alikuwa papo hapo, katika kampuni ya mtayarishaji wa muziki Jack Clement, ndiyo kwanza anaanza kuimba peke yake. Mwimbaji asiyependa kupaza sauti alikutana na mtunzi asiyependa maneno ya kujionyesha, na sidhani ningewahi kumsikia mmoja bila mwenzake.

Ninachokiheshimu zaidi ni namna alivyofanya kazi. Hakungoja kushukiwa na wimbo usiku wa manane. Aliingia ofisini asubuhi kama karani, akakaa na gitaa na daftari la karatasi za manjano, akaandika, akafuta, akatoka jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Hivyo ndivyo zilivyopatikana takriban nyimbo 30 zilizofika namba moja kwenye chati za kantri, zikiimbwa na watu kama Keith Whitley, kundi la Alabama na Alan Jackson. Mwaka 1980 alimpa Don Williams "Good Ole Boys Like Me", wimbo uliochochewa na riwaya ya Robert Penn Warren. Ndani yake kuna mtoto wa Kusini mwa Marekani anayesikiliza redio usiku kitandani, na baba mwenye Biblia mkononi na harufu ya pombe mdomoni. Ni dakika chache tu, lakini mna maisha mazima ya mtu.

Huko Marekani redio ya kawaida, ya AM au FM, inapopiga wimbo, mrabaha humfikia mtunzi na mchapishaji wake; mwimbaji hapati kitu. Basi kazi ya mtu asiyejulikana ina malipo yake, nami nafurahi. Ila kwa kaseti zetu za Molo McDill hakupata hata ndururu, na hilo linaniuma.

"Amanda" ulitoka mwaka 1973, na mwaka 1979 Waylon Jennings akaufikisha namba moja. Ni maneno ya mwanamuziki aliyeanza kuzeeka barabarani, akimtazama mkewe na kuona kwamba alistahili mume bora kuliko yeye. Nilipoyaelewa maneno hayo vizuri, Baba alikuwa ameshatutoka. Hakuwa mtu wa kumwomba mke wake radhi kwa zile wiki tatu tatu. Nadhani aliomba kwa kumpa mtoto jina lile.

Mwaka 2023 McDill aliingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa kantri, Nashville. Nilimsomea Mama habari hiyo, nikamweleza kwamba huyu ndiye aliyeandika wimbo wa Amanda. Akaniomba nimwandikie jina kwenye karatasi. Akalikunja, akafungua kasha la ile kaseti, akaliweka nyuma ya mwandiko wa Baba.