Saa Tisa Usiku ni ya Kulala: Shangazi Anajibu Maswali ya Vitafunwa

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: muda. Watu wanajua kupika, ila saa ndiyo hazitoshi. Nimechagua chache, nazijibu kama zilivyokuja.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, nina watoto watatu. Mandazi ya jirani siku hizi yamekuwa madogo kama vifungo vya koti, nikaamua kupika mwenyewe. Tatizo ni kwamba lazima niamke saa tisa usiku ili unga uwahi kuumuka. Nifanyeje? (Mama wa watatu, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Kwanza lala. Hamira ni kitu hai: joto huikimbiza, baridi huituliza. Wewe unaiwekea nyingi halafu unakaa macho kuisubiri. Iwekee kidogo, ifanye kazi wewe ukiwa umelala.

Kwa unga nusu kilo, tia sukari vijiko vikubwa vitano, mafuta au siagi vijiko viwili, chumvi kidogo, hiliki uliyoitwanga mwenyewe, na tui la nazi kikombe kimoja hivi. Tui liongeze kidogo kidogo, maana unga haunywi sawa kila pakiti. Hamira iwe nusu kijiko cha chai tu. Ukande saa tatu usiku mpaka uwe laini na uache kung'ang'ania bakuli, ufunike, uweke kwenye friji. Bakuli liwe kubwa, la sivyo asubuhi utaukuta unga umesukuma mfuniko na kulala juu ya nyanya. Ukiamka, sukuma, kata, uache dakika ishirini. Chai inachemka, watoto wanaoga, kisha unakaanga.

Kama huna friji, punguza hamira iwe robo kijiko, na ukandie maji baridi badala ya tui, kwa sababu tui likilala nje linachacha. Bakuli liweke sakafuni, mahali penye ubaridi. Majira ya joto kali hata hili halitakusaidia, unga utaamka na harufu ya pombe. Hapo tumia beking pauda vijiko viwili vya chai: vitu vikavu unachanganya usiku, tui unatia asubuhi, unakanda dakika tano, unapumzisha kumi. Sitakudanganya, haya hayafiki yale ya hamira, na jioni yanakuwa magumu. Lakini nani anayabakisha mpaka jioni?

Mandazi yangu yanakunywa mafuta mpaka ukiyaminya yanatoka. Kwa nini? (Bi harusi mpya, Kibaha)

Mafuta hayajapata moto. Dondosha kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa chini, subiri. Kikipanda juu mara moja huku kikitoa mapovu, anza. Tena usijaze karai. Ukitia kumi kwa pamoja mafuta yanapoa, na mafuta yaliyopoa ndiyo yanayoingia ndani. Na unga wako, bibie, naona unaulegeza mno.

Nimenunua chuma kipya cha vitumbua, lakini kila kitumbua kinashika na kutoka vipande vipande. Vikitoka vizima, ndani ni vigumu kama jiwe. Mume wangu ni mtu wa Tanga, ananiangalia tu. (Mkwe wa Tanga, Dodoma)

Pole. Kuangaliwa na mtu wa Tanga mbele ya vitumbua vibovu ni adhabu, nakujua, mimi nimelelewa hukohuko.

Tuanze na chuma. Kipya hakipikwi siku ya kwanza. Kioshe, kikaushe juu ya moto, kipake mafuta kila shimo, kiache mpaka kifuke moshi, kipoe, urudie mara tatu. Weusi ule unaojijenga ndio unaozuia kushika, kwa hiyo usije ukausugua kwa sabuni na stilwaya. Ukimaliza kupika, futa kwa kitambaa. Bibi yangu alikuwa na chuma kimoja ambacho hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kukigusa kwa maji.

Sasa ugumu. Mchele uloweke usiku kucha. Saa mbili hazitoshi. Usage kwenye blenda na tui zito, na hapo ndipo ilipo siri: tia konzi moja ya wali uliopikwa. Wali ule ndio unaofanya kitumbua kiwe laini ndani. Saga mpaka ukipikicha tone kati ya vidole usisikie chenga. Kwa mchele nusu kilo, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kwa kuonja, hiliki. Uji wake uwe mzito kiasi cha kumiminika polepole. Ukiwa mwepesi kama maji, vitalala bapa. Acha uumuke mpaka uone mapovu juu, kama saa moja.

Moto mdogo. Mafuta nusu kijiko cha chai kila shimo, yapate moto kwanza, ndipo umimine. Funika. Usiguse mpaka kingo zikauke na zijiachie zenyewe, ndipo ugeuze. Anayegeuza mapema ndiye anayepata vipande.

Na kwa kuwa najua huna muda: saga siku ya Jumapili bila hamira, weka kwenye friji, itakaa siku mbili. Usiku kabla ya kupika toa kiasi unachotaka, tia hamira, rudisha kwenye friji. Asubuhi kitoe mapema kipoteze ubaridi. Unga wa ngano usitie. Nimeuona mtaani, nao unatoa kitu kizuri tu, ila si kitumbua.

Shangazi, mke wangu ni muuguzi, wiki hii yuko zamu ya usiku. Nimebaki na watoto wa miaka mitatu na tisa. Sijui kupika chochote. Jioni wanalia njaa kabla ya chakula. (Baba, Kigamboni)

Kaka, hongera kwa kuuliza. Wenzako wangetuma pesa ya chipsi.

Anza na bisi. Sufuria yenye mfuniko, mafuta vijiko viwili, punje tatu. Zikipasuka tatu zote, mimina nyingine zienee chini safu moja, funika, tikisa mara mojamoja. Milio ikipungua, zima. Ndani ya punje kuna maji kidogo, yakipata moto yanakuwa mvuke na kuipasua. Ndiyo maana bisi zilizokaa kabatini muda mrefu zinagoma: zimekauka. Zitie kwenye chupa na kijiko cha maji, tikisa, acha siku mbili, ujaribu tena.

Lakini bisi ni za huyo wa tisa. Wa mitatu asipewe bisi wala karanga nzima, zinaweza kumkaba. Yeye mpe yai lililochemka dakika kumi, ukalikatakata, au kiazi kitamu cha kuchemsha. Ukipata kile cha njano ndani, kiazi lishe, kichukue: rangi ile mwili huigeuza kuwa vitamini A. Watafiti wanne, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, watatu kati yao kwa kazi ya viazi hivyohivyo. Kwa hiyo usione haya kumwambia mke wako kwamba ulipika chakula cha washindi.

Mama mkwe anasema karanga zikiwa na ukungu kidogo au uchungu, ukizikaanga sana na kuzitia sukari ya kashata zinakuwa sawa. Ni kweli? (Msomaji, Singida)

Si kweli, na hapa sicheki. Ukungu wa karanga na mahindi unaweza kutoa sumu kuvu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Chambua karanga kabla ya kukaanga: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, tupa, wala usimpe kuku. Ukitafuna moja ikawa chungu, tema. Kwa mama mkwe nenda kwa adabu: mwambie, "Mama, nimezikuta mbovu, nimenunua nyingine." Mabishano hayana haja.

Naweka sambusa za nyama kwenye kikontena cha mtoto saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane anazirudisha zimenuka. (Mama, Temeke)

Kwa joto la Temeke, nyama haiwezi kungoja saa nane. Kama hazili mapumziko ya saa nne, usimpe. Mpe bagia za dengu, mkate wa kumimina, au kashata. Pia nahisi unafunika zikiwa bado moto. Mvuke unageuka maji, na maji ndiyo yanayoziharibu upesi. Zipoe kwanza, ndipo ufunge.

Shangazi, niko Muscat, natoka kazini usiku. Nyumbani tulikuwa tunakunja sambusa siku nzima kabla ya Ramadhani. Huku niko peke yangu, nitaziwezaje? (Binti wa Pemba)

Usikunje siku nzima. Manda nunua tayari, huko zimejaa madukani, na hakuna atakayekusema. Jasho liende kwenye nyama: ipike mpaka maji yakauke kabisa, ipoe, ndipo utie kitunguu kibichi na kotmiri. Nyama yenye maji inalowesha manda na sambusa inapasuka kwenye mafuta. Kunja thelathini Ijumaa moja, ubandike kwa uji wa unga wa ngano, uzipange kwenye sinia zisigusane, uziweke friza. Zikishaganda, zitie kwenye mfuko. Siku ya kula, zitoe zikiwa na barafu lake, uzikaange hivyohivyo kwa moto wa wastani. Usingoje ziyeyuke, zitalegea.

Chapati za jana zimebaki nne, kavu. Watoto hawazitaki. (Mama wa wawili, Arusha)

Piga mayai mawili na kitunguu, nyanya na chumvi, mimina kwenye kikaango, na kabla hayajaiva juu ubandike chapati. Geuza, kunja kama mkeka. Kampala wanaiita roleksi, wanaiuza kila kona ya barabara. Zinazobaki zikate vipande vyembamba, uzikaange mpaka ziwe kavu, unyunyize chumvi na pilipili. Ficha kiasi, maana baba watoto naye atazipitia.