Maabara ya hali ya hewa mwaka wa kwanza: sheria utakazozichukia na kwa nini zipo

Kila vyuo vikifunguliwa napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza. Wengine wameingia kusomea hali ya hewa kwa moyo wote, wengine wameichukua kujazia ratiba wakidhani ni pa kuokota alama. "Kaka, mwalimu wa maabara ana roho mbaya. Nimechelewa dakika kumi tu, kanipa sifuri." Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo: nilikuwa mwanafunzi, kisha nikawa msaidizi wa maabara, yule anayesahihisha madaftari usiku na kulaumiwa asubuhi. Kwa hiyo kabla sijamhukumu mwalimu huwa nauliza: dakika kumi za kuelekea saa ngapi?

Kama ni za kuelekea saa tatu asubuhi, siwezi kukutetea. Saa tatu yetu ni 0600 UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, nayo ni mojawapo ya nyakati kuu ambazo vituo vya hali ya hewa dunia nzima husoma vipimo kwa pamoja ili ramani moja iweze kuchorwa. Kwenye maabara ya kemia titresheni ikikuharibikia unamwaga, unaosha chupa, unaanza upya. Hewa ya leo saa tatu ikishapita hakuna wa kuirudisha. Ndiyo maana sheria ya kwanza utakayosomewa ni kwamba zoezi la vipimo halirudiwi. Mwalimu hata akikuonea huruma hana cha kukurudishia; labda akupe kazi nyingine.

Halafu saa tatu kamili ndiyo mwisho wa kusoma. Kazi huanza kama dakika kumi kabla: mawingu, upepo, mvua, vipimajoto ndani ya kibanda cha Stevenson (kisanduku cheupe kinachovikinga na jua huku hewa ikipita), na barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, husomwa mwisho, saa yenyewe ikitimia. Anayefika saa tatu kamili akihema amewahi barometa peke yake.

Hapo hapo pana mtego unaotunasa sisi kuliko wengine. Mdomo unasema saa tatu, simu inaandika 9:00, daftari linataka 0600. Nimesahihisha madaftari yaliyoandikwa 0300, maana mtu kachukua tatu ya mdomoni akaipachika kwenye UTC. Angalia simu yenye mtindo wa saa 24, toa tatu, umemaliza. Wenye zamu za usiku waangalie na tarehe: simu ikisema 01:00 ya tarehe 12, UTC bado ni 2200 ya tarehe 11. Ukikosea hapo, mvua yako inahamia siku nyingine.

Sheria ya pili ndiyo inayofanya watu wasapu (warudie mtihani), na wengine wadisko (waondolewe chuoni) kabisa: usipike namba.

Mambo huenda hivi. Mtu amelala, rafiki yake amemsainia mahudhurio, saa tano anaomba daftari adese. Akiogopa kufanana na mwenzake anabadilisha desimali mbili tatu. Anaona kamaliza. Hajui kwamba namba za hali ya hewa huchunguzana zenyewe. Kipimajoto chenye kitambaa kilicholowa hakiwezi kuonyesha joto kubwa kuliko kile kikavu kilicho pembeni yake. Joto la juu la siku haliwezi kuwa chini ya joto lolote ulilosoma ndani ya siku hiyo. Unyevunyevu ukiwa asilimia 98 halafu umbali wa kuona ukawa kilomita 40, nitakuja kukuuliza ulisimama wapi. Kuna na desimali zenyewe: anayesoma kipimajoto kwa macho yake hupata 27.3, 28.1, 27.8, za kila namna, ila anayepika anapenda nusu na kamili. Safu ya 27.5, 28.0, 27.5, 29.0 wiki nzima ilikuwa inanitosha kumwita mtu mezani bila kufungua daftari la jirani yake.

Dawa yake wanafunzi hawaiamini hata ukiwaapia: acha wazi. Andika "haikusomwa" na sababu. Nafasi iliyo wazi haimdanganyi mtu, lakini namba ya kubuni ikishaingia kwenye wastani wa mwezi hakuna atakayeweza kuitoa. Mwalimu mwenye akili atakukata alama za siku hiyo na kukuachia heshima yako. Ukikosea kuandika, usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke bado, weka namba sahihi pembeni. Na andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ukinyeshewa unaondoka na asubuhi yako yote.

Sababu moja ya kuacha wazi haipaswi kukukatisha alama popote, nayo ni radi. Uwanja wa vipimo ni mahali peupe penye mlingoti wa mita 10 wa kupimia upepo. Ukisikia ngurumo, umeme uko karibu kiasi cha kukufikia. Ingia ndani, subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Mwalimu akikulazimisha kutoka, kataa kwa adabu.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo watu wanapopoteza alama bila hata kudanganya.

Kipimamvua cha kawaida kwenye vituo vyetu kina mdomo wa kipenyo cha milimita 127, na gilasi yake ya kupimia imechorwa mahususi kwa mdomo huo. Gilasi huvunjika, tena mara nyingi, na kuna atakayekimbilia maabara ya kemia kuazima silinda ya mililita. Hapo ndipo zinapozaliwa mvua za ajabu. Kwa mdomo huo, milimita moja ya mvua ni mililita 12.7 hivi za maji. Mvua ya milimita 20 itajaa mililita 253, na kijana ataandika 253 bila kushtuka kwamba hiyo ni mvua ya kuzamisha mtaa. Silinda ya kuazima siyo dhambi, ila gawanya kwa 12.7. Na yakiwa matone machache tu yasiyofika milimita 0.1, usiandike sifuri. Kuna alama yake ya mvua isiyopimika, iulize siku ya kwanza.

Kwenye kibanda, fungua mlango, soma desimali kwanza, digrii nzima baadaye. Watu hucheka wakiambiwa hivyo, lakini mwili wako na pumzi zako vinaanza kupasha kile kipimajoto tangu ulipofika, na desimali ndiyo inayoondoka kwanza. Ndiyo maana nalalamikia makundi ya watu sita kwa kibanda kimoja: wawili wanasoma, wanne wanapumulia. Angalia pia kile kitambaa kilicholowa. Kwetu pwani chumvi ya hewani hukaa juu yake, kikichafuka au kikikauka maji hayafuki vizuri, kipimajoto hakishuki inavyotakiwa, na chuo kizima kinaonekana kina unyevunyevu kuliko kilivyo. Kikavu kikisoma 30 na kilicholowa 25, unyevunyevu ni karibu theluthi mbili. Kitambaa kikikauka hadi tofauti ibaki nyuzi moja, jedwali la unyevunyevu litakuambia zaidi ya asilimia 90 na jua linakuchoma utosini. (Chungulia na dari ya kibanda kabla ya kuingiza kichwa. Manyigu hawasomi tangazo la chuo.)

Zebaki bado ipo kwenye vyuo vingi, ingawa Mkataba wa Minamata unataka vifaa vya namna hiyo viachwe. Kipimajoto kikivunjika usifagie, usishike, usifiche. Fungua madirisha, toa wenzako, mwite teknishani. Gharama ya kipimajoto utaimudu kwa kuchangiana. Mvuke wa zebaki kwenye chumba kilichofungwa ni jambo jingine.

Mawingu nayo hupimwa kwa macho, kwa sehemu nane za anga. Usisimame mlangoni ukaangalia kipande kilicho juu ya paa la kantini, zunguka jengo. Sifuri ni ya anga isiyo na hata chembe ya wingu, nane ni ya anga isiyo na hata tundu. Kijiwingu kimoja tu upeoni kinakupa moja, kitundu kimoja cha buluu kinakurudisha saba. Upepo unaitwa kwa unakotoka, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa: kusi hutoka kusini. Lakini mpe yule yule mtu wa pwani ramani achore mshale, atauelekeza nyuma mbele. Sijui kwa nini.

Jambo ambalo ningependa kila mwalimu aliseme wiki ya kwanza ni la barometa. Vitabu vingi vya utangulizi vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo vinasema mgandamizo wa hewa ukishuka, dhoruba inakuja. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anasoma barometa saa nne asubuhi, anairudia saa kumi jioni, anakuta imeshuka hektopaskali (kizio cha mgandamizo) tatu au zaidi, anaandika kwenye ripoti kwamba kimbunga kinanukia. Hakuna kimbunga. Ukanda wetu wa tropiki una kupwa na kujaa kwa hewa kila siku: mgandamizo hupanda kuelekea saa nne, asubuhi na usiku, na kushuka kuelekea saa kumi, jioni na alfajiri. Linganisha saa tatu ya leo na saa tatu ya jana, hapo ndipo utaona jambo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, hilo lilikuwa jambo.

Vivyo hivyo kwenye ripoti. Siku hizi wapo wanaoitupia akili mnemba namba zao iwaandikie, na kuigundua ni rahisi kwa sababu inaleta mpaka wa hewa baridi kutoka ncha ya dunia ukapita Kibaha mwezi wa pili. Ikweta haina mambo hayo. Hata mistari ya mgandamizo sawa kwetu hukaa mbali mbali na haitoi picha nzuri, ndiyo maana utafundishwa kuchora mikondo ya upepo badala yake. Andika ulichokiona, kwa sentensi fupi, na useme kifaa kinaweza kukosea kwa kiasi gani. Ukurasa mmoja wa hivyo niliupa alama nyingi kuliko kurasa nane za nadharia.

Siyo kila sheria lakini imetoka mbinguni. Zinazotokana na anga yenyewe, yaani saa, kutorudia, kutopika, hizo usihangaike nazo. Zile za ofisini zinazungumzika: ripoti ichapwe kwa rangi, iwekwe jalada, ikichelewa siku moja ikatwe asilimia kadhaa. Huna hela kwa sababu bumu (hela ya mkopo) halijatoka, mwambie mwalimu kabla ya tarehe, usimsubiri kwenye korido baada ya matokeo. Ukiugua, cheti cha daktari kipeleke wiki ile ile. Cha mwezi uliopita kina harufu. Uliza mapema kama unaruhusiwa kubadilishana zamu na mtu wa kundi jingine, nani anakaa na ufunguo wa uwanja Jumamosi na Jumapili, na kama zoezi lenye alama ndogo kuliko yote linaondolewa kwenye hesabu. Majibu yaandikwe, hata kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ili yasibadilike wiki ya kumi na mbili. Na mwenzenu asiyefika, msimwandike kwenye ripoti. Mnaona mnambeba, kumbe siku ya mtihani wa vitendo atasimama peke yake mbele ya kibanda.

Mtihani huo wenyewe hauna maajabu. Unapewa ramani yenye vituo na unatakiwa kusoma tarakimu zilizozunguka kila duara. Joto juu kushoto, kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa kulifikia umande huanza) chini yake, mgandamizo juu kulia, na huo mgandamizo ndio unaoua watu, kwa sababu huandikwa tarakimu tatu tu. Weka nukta kabla ya tarakimu ya mwisho, kisha mbele ongeza 9 au 10, ile itakayokuleta karibu zaidi na 1000. Kumbuka pia kwamba namba hiyo imeshapelekwa kwenye usawa wa bahari, yaani imehesabiwa kana kwamba kituo kiko ufukweni. Barometa iliyoko Nairobi, mji ulio juu sana, yenyewe husoma 820 hivi, usije ukadhani imeharibika. Jifunze kwa hizi tatu: 105, 998, 132. Zinapaswa kukupa 1010.5, 999.8 na 1013.2. Ukizipata zote bila kuchungulia, kalale, kesho saa tatu kasorobo uwe uwanjani.