Taa ya nje ya gereji: anza na nyaya ulizozikuta

Mdogo wangu uliyetoka VETA juzi, kazi yako ya kwanza huenda ikawa hii: mwenye gereji ameibiwa betri usiku, amenunua taa ya LED yenye sensa, anataka iangaze getini. Atakuambia ni kazi ya nusu saa. Kufunga taa yenyewe ni nusu saa kweli. Kinachokula muda ni kujua umeme wa gereji hiyo unapita wapi, na nani aliugusa kabla yako.

Gereji nyingi ninazoingia hapa Dar es Salaam zilianza kama banda lenye taa moja na soketi moja. Ikaja kompresa, ikaja mashine ya kuchomelea, na kila mara akaitwa fundi mwingine. Kwa hiyo usiamini rangi. Utakuta nyekundu na nyeusi za zamani, kahawia na bluu za sasa, zote zimekutana kwenye boksi moja. Nimewahi kukuta hata waya wa njano na kijani, ambao ni wa athi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini), umegeuzwa laivu, yaani waya unaoleta umeme, kwa sababu rola ya nyekundu iliisha. Pima kwa multimita. Bisibisi ya testa peke yake itakudanganya: huweza kuwaka kwenye waya usiounganishwa popote, kwa sababu tu umelala sambamba na waya wenye umeme, na isipowaka si ushahidi kwamba uko salama.

Ukizima breka, itie kufuli, au basi bandika karatasi na umwambie kila mtu. Gerejini watu ni wengi, na anayekuta kompresa imezima ataenda kuwasha bila kuuliza. Kisha pima mahali unapojua pana umeme, pima unapotaka kushika, halafu rudi pale pa kwanza upime tena. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Sasa mtego wenyewe. Swichi ya taa ya ndani iko karibu na mlango, kwa hiyo mkono unakwenda huko. Unaifungua, unakuta nyaya mbili, unaziita laivu na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Sivyo. Mara nyingi hizo ni laivu inayoingia na laivu inayotoka kwenda kwenye taa. Nyutro ilikwenda zake moja kwa moja kwenye holda, swichini haikupita. Ukiifunga taa yako kati ya hizo mbili, umeipanga foleni moja na globu ya ndani. Ya ndani ikizimwa, ya nje itapepesa au kuwaka kinyonge. Ya ndani ikiwashwa, ya nje inazima kabisa. Mwenye gereji atasema taa ni mbovu, na wewe utairudisha dukani ukiamini hivyo hivyo.

Kosa langu mimi lilikuwa baya zaidi. Mwaka wa pili kazini nilichukua laivu kwenye saketi ya taa, nyutro nikaiokota kwenye soketi iliyokuwa jirani. Taa ikawaka, nikalipwa, nikaondoka. Usiku napigiwa simu: taa ya nje ikiwaka tu, soketi zote zinakata. Soketi zile zilikuwa chini ya RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, na kukata tofauti inapofikia kiwango chake, ambacho kwa kawaida ni miliampia 30. Taa ya wati 30 kwa volti 230 hula takriban miliampia 130. Kwa breka ya kawaida hicho si kitu. Kwa RCD niliyokuwa naipitishia umeme ambao haukutoka kwake, kilitosha na kubaki. Tena ile kukata ilikuwa bahati. Bila RCD, siku moja fundi angezima breka ya soketi, akafungua ile nyutro akijua imelala, na kumbe ina umeme wa taa yangu.

Basi laivu na nyutro zitoke saketi moja. Saketi ya taa ndiyo rafiki yako: nyaya za milimita 1.5 za mraba, breka ya ampia 6 au 10. Tafuta boksi yenye laivu ya kudumu, isiyopita kwenye swichi ya ndani, la sivyo mlinzi akizima taa ya ofisi amezima na ya getini. Ukilazimika kutoa kwenye soketi, kumbuka nyuma yake pana breka ya ampia 20 au 32, na waya wako mwembamba unaweza kuungua huku breka inatazama. Weka hapo swichi yenye fyuzi ya ampia 3. Saketi ya mashine ya kuchomelea usiiguse kabisa. Kama leseni ya EWURA huna bado, fanya haya chini ya mwenye nayo.

Kwenye banda la bati, tundu ulilotoboa ni kisu. Pitisha waya ndani ya bomba la plastiki, maana ganda likichunika ukuta mzima unakuwa laivu. Athi ya taa yenye mwili wa chuma usiiache ikining'inia eti mbona inawaka.

Boksi la taa limeandikwa IP65, vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii, lakini ukitoboa juu yake kwa drili umeifuta hiyo alama. Ingiza waya kwa chini, uache kitanzi kidogo kinachoning'inia ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani. Pwani tumia skrubu zisizoshika kutu. Hizi za kawaida zitaganda na chumvi, siku ya kubadilisha utavunja taa.

Sensa iweke mita mbili hadi mbili na nusu kutoka chini, ukiigeuza ili mtu apite mbele yake kwa mkato. Anayeijia uso kwa uso huchelewa kuonekana. Ukiwasha mara ya kwanza, ipe dakika moja itulie kabla hujaanza kuilaumu. Na mteja akipiga simu wiki ijayo kwamba inawaka bila mtu, usikimbilie nyaya. Chukua ngazi na kitambaa. Wadudu hufuata mwanga, mjusi kafiri hufuata wadudu, na mara nyingi nimemkuta amelala juu ya kioo cha sensa, ameshiba.