Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Ualimu Ndani ya Darasa

Safari hii tumechagua barua tatu zinazohusu jambo moja, nalo ni mafunzo ya ualimu yanayofanyika shuleni, mwanafunzi wa ualimu akiwa kazini.

Shikamoo Mwalimu. Nimehitimu shahada ya hisabati na nataka kufundisha. Naweza kwenda chuo cha ualimu, ambako mazoezi ya kufundisha ni majuma machache kwa mwaka, au kuingia mpango wa kujifunza kazini, ambao ungeniweka shuleni tangu mwanzo chini ya mwalimu mlezi, huku nikisoma nadharia siku moja kwa juma. Wenzangu wanasema wanaopitia njia hii ya pili hutoka walimu nusu. Je, ni kweli?

Marahaba. Si kweli, ingawa njia hiyo imewahi kutumiwa kwa namna iliyoipa sifa mbaya. Ni njia kongwe. Mwaka 1846 Uingereza ilianzisha rasmi utaratibu wa kuwachukua wanafunzi kuanzia umri wa miaka 13 na kuwaweka katika uanagenzi wa miaka 5 chini ya mwalimu mkuu, ambaye alipaswa kuwafundisha masomo yao nje ya saa za shule, nao wakamsaidia kufundisha wadogo zao. Tanzania nayo, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka watoto wote wapate elimu ya msingi, iliwaandaa maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba kwa kuwapa madarasa ya kufundisha huku wakisoma masomo kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Kote kuwili msukumo mkubwa ulikuwa uhaba wa walimu, na hapo ndipo unapopaswa kuwa macho, kwa sababu shule yenye upungufu ni rahisi kumwona mwanagenzi kama mtu wa kujaza pengo kabla ya kumwona kama mtu anayefundishwa.

Faida ya njia hii ni kwamba yapo mambo ambayo hayashikiki mpaka mtoto awe mbele yako. Mhadhiri anaweza kukueleza kwamba baadhi ya watoto hudhani robo ni kubwa kuliko theluthi kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Darasani utamkuta mtoto mwenyewe akilitetea jibu hilo kwa kujiamini, nusu ya wenzake wakimuunga mkono, nawe utalazimika kuamua papo hapo kama utamsahihisha, utamwomba achore mistatili miwili iliyo sawa na kuigawa, au utawauliza wengine wanaonaje. Kila uamuzi una gharama yake, na ukifanya uamuzi huo asubuhi kisha ukaujadili mchana na mtu aliyekuwepo, umejifunza jambo ambalo halitakutoka.

Hata hivyo, usiidharau ile siku moja ya nadharia. Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza mwaka 1975 kwamba kila anayeingia ualimu ameshatumia maelfu ya saa akiwatazama walimu wake mwenyewe akiwa mwanafunzi, akaona wanachofanya bila kujua wanachofikiri. Mtu wa namna hiyo akiachwa peke yake darasani, hufundisha kama alivyofundishwa. Nadharia ndiyo inayomwezesha kuhoji mazoea hayo, na mpango unaoifuta au kuiahirisha kila shule inapokuwa na shughuli haukufai. Kabla ya kutia saini, uliza mlezi wako ni nani, amepunguziwa vipindi vingapi ili akuhudumie, na utafundisha peke yako kuanzia lini. Wakikosa majibu ya wazi, nenda chuoni.

Mwalimu, habari za kazi. Nimo katika muhula wa kwanza wa mpango kama huo. Tangu juma la pili nimepewa vipindi vyote vya mwalimu aliyehama. Mlezi wangu ni mtu mwema, lakini hajawahi kuingia darasani kwangu. Husaini tu kitabu changu cha maandalio ya masomo. Nifanye nini?

Pole sana. Kwa ulivyoeleza, shule imekupa kazi na kuyasahau mafunzo. Mwendo unaofaa ni kuanza kwa kutazama masomo ya wengine ukiwa na swali maalumu la kulichunguza, kisha kufundisha sehemu ya kipindi, pengine dakika 10 za utangulizi, halafu kufundisha kwa pamoja na mlezi, na hatimaye kuachiwa kipindi kizima. Wewe umerushwa hatua zote hizo.

Nenda kwa mlezi wako kwa heshima, ukiwa na ombi dogo lililo wazi: aingie kipindi kimoja kila juma, nanyi mkae kukijadili siku hiyohiyo. Mweleze pia mkufunzi wako wa chuo, kwa maandishi, idadi ya vipindi ulivyo navyo. Huko si kumshtaki mtu, kwa maana mkufunzi ana wajibu wa kujua.

Wakati ukisubiri, chagua kipindi kimoja kwa juma ukichunguze kwa makini, na uyaache mengine yaende kadiri unavyoweza. Ningeanza na ukimya unaofuata swali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu zaidi na wanaojitolea kujibu huongezeka. Hilo unaweza kulijaribu kesho bila msaada wa mtu.

Ndugu Mwalimu, mimi ni mwalimu mlezi kwa mara ya kwanza. Je, nimsahihishe mwalimu tarajali mbele ya wanafunzi anapokosea? Na baada ya kipindi nimwambie nini?

Mwingilie pale tu ambapo watoto watabeba kosa la ukweli au usalama wao umo hatarini, tena kwa ishara mliyokubaliana mapema. Makosa mengine yote yavumilie, hata yakikuuma, kwa sababu darasa likishamwona kama msaidizi wako ni vigumu kumrudishia nafasi yake.

Ukiwa nyuma ya darasa, gawa ukurasa wa daftari lako sehemu mbili: upande mmoja andika mwalimu alichosema, na upande wa pili mwanafunzi alichofanya. Baadaye mwonyeshe ukurasa huo kabla ya kutoa hukumu yoyote, kisha chagueni jambo moja la kurekebisha katika kipindi kijacho. Walimu wa Japani wana desturi ya muda mrefu ya kupanga somo kwa pamoja, mmoja akalifundisha na wengine wakawatazama wanafunzi, kisha wote wakalichambua somo hilo kama kazi yao wote. Utaratibu huo humpunguzia anayefundisha aibu, na mnaweza kuufuata hata mkiwa wawili.

Mruhusu pia akutazame wewe, na umweleze unachofikiri: kwa nini ulimwita ubaoni mtoto yule na si mwingine, na kwa nini uliliacha zoezi la mwisho. Bila maelezo hayo ataona mikono yako tu.