Doa moja kwenye TLC halithibitishi usafi

SWALI: Nafanya uzamili wa kemia. Nimeloweka majani makavu ya Artemisia annua kwenye heksani, nikapitisha kwenye kolamu ya silika. Chupa ya saba ina doa moja tu kwenye TLC (bamba la silika linalotenganisha kampaundi kiyeyushi kinapopanda) chini ya taa ya UV ya nanomita 254. Kipimo cha NMR, kinachoonyesha muundo wa molekuli, ni ghali. Naweza kuandika kwenye tasnifu kwamba nimepata artemisini safi, ile dawa ya malaria? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Hapana, usiandike. Artemisini karibu haifyonzi kabisa mwanga wa nanomita 254, kwa hiyo doa uliloliona huenda ni la kitu kingine cha mmea huohuo, na artemisini yenyewe, kama ipo, imejificha. Chovya bamba kwenye anisaldehidi yenye asidi ya salfuriki, lipashe hadi nyuzi 105 hivi, ndipo uhesabu madoa. Weka artemisini halisi pembeni, na katikati udondoshee zote mbili mahali pamoja. Rudia kwa mifumo mitatu ya viyeyushi, Rf (umbali wa doa ukigawanywa kwa umbali wa kiyeyushi) ikiwa kati ya 0.2 na 0.4, kwa sababu kampaundi mbili hupanda sawa kwenye mfumo mmoja mara nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Halafu pima kiwango cha kuyeyuka. Artemisini huyeyuka kwenye nyuzi 156 hadi 157. Yako ikianza 140 na kumalizia 152, bado ni mchanganyiko.

NMR huikwepi. Miligramu 5 hadi 10 zilizokaushwa vizuri zinatosha kwa NMR ya protoni. Tafuta singleti (kilele kimoja kisichogawanyika) karibu na 5.86 kwenye kipimio cha ppm cha NMR. Ukiona vilele karibu na 7.7, 7.5 na 4.2, hiyo ni ftalati, kilainisha plastiki kilichotoka kwenye mipira, vifuniko au viyeyushi vya bei rahisi. Kosa hili linaudhi kuliko yote: dioktili ftalati inachapishwa kama kampaundi ya mmea, tena eti inaua bakteria! Dawa yake ni rahisi. Pitisha kiyeyushi kilekile, ujazo uleule, kwenye silika isiyo na sampuli, kivukize hadi kikauke, kisha pima masalia kwa NMR. Na sampuli itunze kwenye kioo.

Majarida yanayopokea makala ndani ya siku chache mradi ada imelipwa hayatakuuliza lolote kati ya haya. Wauza dawa za mitishamba hawaulizi pia: wanachukua makala ya namna hiyo, wanabandika "imethibitishwa maabara" kwenye chupa, na mgonjwa wa malaria anainywa badala ya kwenda kupimwa.